Mtoto akitimiza miaka 10: mwongozo wa safari ya mzazi na mtoto, Dar hadi Mikumi kwa treni ya SGR

Miaka 10 ni umri unaofaa sana kwa safari ya mzazi mmoja na mtoto mmoja. Mtoto wa umri huo anaamka alfajiri bila kubebwa, anasoma tiketi na vibao mwenyewe, anabeba begi lake, na bado anafurahia kuwa karibu na mzazi. Akifika miaka 13, marafiki watakuwa wameanza kuwa na nafasi kubwa zaidi, nayo safari ya aina hii itakuwa na ladha nyingine.

Mwongozo huu ni wa siku 3 na usiku 2: treni kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro, gari hadi Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, siku nzima hifadhini, kisha kurudi. Tumechagua njia hii kwa sababu ni fupi, treni yenyewe ni sehemu ya sherehe, na wanyama ni rahisi kuwaona. Lengo ni mtoto ampate mzazi wake bila haraka na bila kugombania nafasi na mtu mwingine. Ratiba ikijaa mno, hicho ndicho kitu cha kwanza kupotea, hata kama pesa zimetumika nyingi.

Nani aende

Aende mzazi mmoja na mwenye siku yake. Wadogo zake watalalamika, na wana haki ya kupewa jibu la kweli: kila mmoja atakwenda akitimiza miaka 10. Liseme mbele ya wote, na liandike kwenye kalenda ya nyumbani. Usitoe ahadi hiyo kama huna hakika utaweza kuirudia kwa kila mtoto. Katika hali hiyo ni afadhali kuchagua safari ya siku moja ambayo wote wataipata kwa zamu. Mapacha waende pamoja, lakini kila mmoja apewe nusu siku ya kuwa yeye ndiye mwenye kuamua.

Wazazi wasioishi pamoja wakubaliane kwanza, kabla mtoto hajasikia neno lolote. Mtoto akiambiwa na mmoja halafu mwingine akakataa, atabeba ugomvi usio wake.

Tarehe

Si lazima safari iangukie siku yenyewe ya kuzaliwa. Mikumi ni nzuri kuanzia Juni hadi Oktoba, nyasi zinapokuwa fupi na wanyama wanapokusanyika kwenye maji. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, udongo mweusi wa uwanda wa Mkata, ulio ndani ya hifadhi, hugeuka tope linaloshika magurudumu, na baadhi ya njia hazipitiki. Mtoto aliyezaliwa Aprili afanyiwe dua na keki nyumbani siku yake, safari isubiri likizo ya Juni.

Watoto wengi wa miaka 10 wako darasa la nne, na upimaji wa kitaifa wa darasa hilo hufanyika kuelekea mwisho wa Oktoba. Usiweke safari karibu na wiki hizo. Epuka pia siku za kuelekea Agosti 8, kwa sababu Morogoro hupokea maonyesho ya Nane Nane ya Kanda ya Mashariki na vyumba hujaa. Kama ni likizo, Jumanne hadi Alhamisi ni bora kuliko mwisho wa wiki. Kama ni lazima iwe Ijumaa hadi Jumapili, rudini Dar kabla ya magharibi ili mtoto asiingie darasani Jumatatu akiwa amechoka.

Pesa

Nauli ya treni ndiyo ndogo. Kwa viwango vilivyotangazwa huduma ilipoanza mwaka 2024, daraja la kawaida Dar–Morogoro ni shilingi 13,000 kwa mtu mzima, na mtoto wa zaidi ya miaka 4 hadi 12 hulipa nusu. Kwa hiyo nyie wawili kwenda na kurudi ni kama shilingi 39,000. Thibitisha kabla ya kununua, maana nauli hubadilika.

Kiingilio cha hifadhi kwa raia wa Afrika Mashariki ni maelfu machache ya shilingi, na mtoto hulipa pungufu. Wanaokuja likizo kutoka Ulaya, Marekani au Ghuba wasome hapa kwa makini: mtoto mwenye pasipoti ya kigeni hutozwa kiwango cha wageni, kilicho juu zaidi, hata kama mzazi ni Mtanzania. Hesabu hiyo ifanywe mapema, isije ikaanza ubishi getini mtoto akisikiliza.

Kinachomeza bajeti ni gari. Pata bei tatu kutoka kwa watu tofauti kabla ya kukubali hata moja. Ukishajumlisha treni, gari, malazi, viingilio na chakula, ongeza asilimia 15 ya dharura. Jumla ikiwa, kwa mfano, shilingi 600,000, na umeanza wiki 20 kabla, unahitaji kuweka shilingi 30,000 kila wiki. Mtoto apewe kibubu chake pembeni kwa ajili ya zawadi atakazonunua mwenyewe. Usimwombe achangie safari. Sherehe ni yake.

Nyaraka na tiketi

Nunua tiketi mara unapokuwa na hakika ya tarehe, kwa mtandao wa Shirika la Reli (TRC) au dirishani. Jina lililo kwenye tiketi lifanane na la kitambulisho. Kosa la kawaida ni kuandika jina la mtoto la nyumbani badala ya lile la cheti. Beba:

- kitambulisho chako cha NIDA au pasipoti;
- nakala ya cheti cha kuzaliwa cha mtoto, ili umri wake uthibitike kwenye treni na getini;
- kadi ya bima ya afya kama ipo;
- barua ya mzazi yenye namba ya simu, iwapo anayesafiri naye ni shangazi, mjomba, babu au mlezi.

Ukichagua siti, chukua za dirishani upande wa kushoto, kwa kuangalia treni inakoelekea. Milima ya Uluguru inaonekana upande huo mnapoikaribia Morogoro. Mkirudi, ni kulia.

Gari na dereva

Hapa ndipo safari nyingi huharibikia, kwa hiyo usione haya kuuliza maswali mengi. Kutoka Morogoro hadi geti la Mikumi ni kama kilomita 100 za lami, lakini zitengee saa 2 kwa sababu ya malori na matuta. Ndani ya hifadhi njia ni za udongo. Noah hupita kiangazi kwenye njia kuu, ila iko chini, na mtoto aliyekaa kiti cha nyuma ataona nyasi tu. Gari la juu lenye paa la kufunguka linagharimu zaidi, na kama bajeti inaruhusu kitu kimoja tu cha ziada, kiwe hicho.

Kabla ya kutuma malipo ya awali, pata majibu haya kwa maandishi kwenye simu:

1. Bei inahusisha mafuta, kiingilio cha gari, na chakula na malazi ya dereva, au hivyo ni juu yako?
2. Gari lenyewe ni lipi? Omba picha yenye namba, na uandikiane kwamba litakuja hilo hilo.
3. Mikanda ya viti vya nyuma inafanya kazi? Vioo vinashuka vyote?
4. Tairi la akiba na jeki vipo?
5. Dereva amewahi kuingia Mikumi mara kadhaa? Dereva mzuri wa mjini anaweza kuzunguka hifadhini saa 3 bila kuona simba, kwa sababu hajui pa kutazama.

Malipo ya awali yasizidi asilimia 30. Getini unaweza pia kulipia askari wa hifadhi awaongoze. Fanya hivyo. Mtoto ataweza kuuliza maswali yake yote kwa mtu anayejua majibu.

Kama gari la siku zote 3 ni ghali, pandeni basi la kuelekea Iringa au Ifakara kwenye stendi ya Msamvu, Morogoro, mshuke Mikumi mjini, kisha mkodi gari la nusu siku hapo. Msishuke getini, kwa sababu hakuna kuingia hifadhini kwa miguu.

Kumwambia mtoto

Kumshtukiza mtoto asubuhi ya safari kunampendeza mzazi zaidi kuliko mtoto. Huenda alikuwa amewaahidi rafiki zake keki, au ana hofu ya wanyama asiyowahi kuisema. Mwambie wiki 2 hadi 3 kabla: muda wa kutosha kusubiri kwa shauku, na si mrefu kiasi cha kuchoka.

Kisha mpe mambo ya kuamua ambayo yako ndani ya uwezo wako. Usiulize "unataka nini?" Muulize keki iwe ya vanila au ya chokoleti, mchana hifadhini mle pilau au chapati na kuku, na nani apigiwe simu jioni. Mpe pia kazi ya kweli. Awe ndiye mshika tiketi, au mwandishi wa orodha ya wanyama. Andaeni daftari lenye majina: twiga, tembo, nyati, pundamilia, nyumbu, swala pala, pofu, kuro, ngiri, nyani, kiboko, mamba, simba. Acha mistari mitupu kwa ajili ya ndege. Darubini ya kuazima inatosha. Afundishwe kuitumia nyumbani kwa kutazama kunguru juu ya nyaya, maana hifadhini mnyama hamsubiri mtu arekebishe lenzi.

Mizigo

Begi moja dogo kila mmoja. Nguo ziwe za kahawia, kijani kibichi kilichofifia au rangi ya vumbi. Bluu na nyeusi huvutia mbung'o, ambao wapo kwenye sehemu zenye miti, na dawa za kujipaka haziwazuii vizuri. Mikono mirefu na kufunga vioo mnapopita vichakani vinasaidia zaidi. Kwa mbu, chukua dawa ya ngozi yenye DEET ya asilimia 20 hadi 30. Weka sweta pia: asubuhi za Juni na Julai gari lililo wazi lina baridi kali kwa mtoto wa Dar.

Mfuko wa dawa uwe na ORS (chumvi ya kurudisha maji mwilini) pakiti 2 (kila moja kwa lita 1 ya maji safi), dawa ya homa yenye kipimo kilichoandikwa na mfamasia kulingana na uzito wa mtoto, plasta, na dawa zake za kila siku. Mtoto mwenye seli mundu anahitaji mpango mahususi: maji mara kwa mara, nguo za joto alfajiri, na ushauri wa daktari wake kabla ya tarehe kupangwa. Mwenye pumu awe na dawa yake ya kuvuta mkononi, kwa sababu vumbi ni jingi.

Usibebe mifuko ya plastiki ya kubebea. Imepigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019. Kwa mtoto anayetapika garini, tumia kopo lenye mfuniko wa kubana.

Siku ya 1: treni na barabara

Chukueni treni ya asubuhi. Fikeni Stesheni ya Magufuli angalau saa moja na nusu kabla, kwa sababu kuna ukaguzi wa mizigo na foleni. Mtoto ale kitu chepesi kabla ya kutoka nyumbani.

Hadi Morogoro ni chini ya saa 2 kwa treni ya haraka. Treni hii imeundwa kwenda hadi kilomita 160 kwa saa, na mtoto wa darasa la nne anaweza kufuatilia mwendo kwa GPS ya simu yako na kuuandika kwenye daftari kila baada ya dakika 10. Huo ndio muda pekee ambao simu inastahili kutoka mfukoni. Baada ya hapo izime data, na umwambie mtoto kwamba umeizima.

Morogoro, kuleni chakula cha mchana kamili kabla ya kuondoka, nunueni matunda, na chukueni keki mliyoagiza kwa simu siku 2 kabla. Iwe keki isiyo na krimu. Krimu huyeyuka garini ndani ya saa 1, na kwenye joto la Mikumi huharibika haraka.

Mtoto anayepata kichefuchefu akae kiti cha kati nyuma, akiwa amefunga mkanda, aangalie mbele, asisome wala kuchezea simu. Kipande cha tangawizi huwasaidia baadhi ya watoto.

Barabara kuu ya kwenda Iringa inapita katikati ya hifadhi kwa takriban kilomita 50. Kuanzia hapo mtoto awe na daftari mkononi, kwani mara nyingi swala, twiga na hata tembo huonekana kutoka barabarani. Mweleze kwa nini dereva amepunguza mwendo: wanyama huvuka hapo usiku na mchana, na anayewagonga hutozwa faini kulingana na mnyama.

Fikeni malazini kabla ya jua kuzama. Mabanda ya TANAPA (Shirika la Hifadhi za Taifa) yaliyo ndani ya hifadhi yanapendeza kwa sauti za usiku, ila yawekewe nafasi mapema. Mikumi mjini kuna nyumba za wageni za bei nafuu, kama nusu saa kutoka getini. Kagueni chandarua kwa taa: tundu likipatikana, fungeni fundo. Saa 3 usiku mtoto awe amelala.

Siku ya 2: sikukuu yenyewe

Amkeni saa 10:30 alfajiri. Mpe salamu ya siku yake, swalini au ombeni pamoja, kisha mpe barua uliyoandika kwa mkono kabla ya safari. Ukurasa mmoja unatosha. Andika mambo 3 uliyoyaona kwake mwaka huu, kwa mifano: lini alimsaidia mtu, lini alijaribu tena baada ya kushindwa. Usiingize maagizo ya masomo.

Getini muwe mmefika saa 12 asubuhi. Malipo hayapokelewi kwa fedha taslimu. Hutolewa namba ya malipo, ukalipa kwa simu au kadi. Weka pesa kwenye simu usiku uliotangulia, kwa sababu mtandao hapo unaweza kusumbua. Wote mwende msalani kabla ya kuingia. Ndani hamruhusiwi kushuka garini popote, ila sehemu zilizotengwa.

Anzeni na uwanda wa Mkata. Kati ya saa 12 na saa 3 asubuhi simba bado wanatembea. Jua likipanda hulala vivulini na huonekana kwa shida. Mfundishe mtoto kutafuta mwendo badala ya umbo: sikio linalopepea, mkia unaofukuza nzi, kundi la swala lililosimama likitazama upande mmoja. Hilo la mwisho mara nyingi lina maana kwamba kuna mwindaji upande huo.

Mkimwona mnyama, dereva azime injini na mkae angalau dakika 10. Haraka ya kumkimbilia mnyama mwingine ndiyo inayowachosha watoto. Tembo akitanua masikio na kutikisa kichwa, mmekaribia mno. Rudini nyuma taratibu.

Saa 4 nendeni bwawa la viboko, ambako pana sehemu ya kupumzikia. Kuleni mkiwa mmefunika chakula, kwani nyani na tumbili wa sehemu kama hizo wamezoea kupora. Mtoto asiwape hata ganda la ndizi. Chakula kiwe kile kinachovumilia joto: mayai ya kuchemsha, chapati, pilau ndani ya hotipoti iliyojazwa asubuhi hiyo. Maji ni lita 1.5 kwa mtoto na lita 2 kwako, mbali na soda.

Kuanzia saa 6 hadi saa 9 alasiri rudini mpumzike, kama kiingilio chenu kinawaruhusu kutoka na kurudi. Ulizeni getini asubuhi. Vinginevyo pumzikeni kwenye kivuli ndani. Mzunguko wa jioni ni wa hiari, na uamuzi uwe wa mtoto. Akisema ametosheka, ametosheka. Mkienda, hesabuni muda wa kutoka nje ya geti kabla ya saa 12 jioni.

Wazazi wengi huuliza wamwambie nini mtoto katika siku kama hii. Hakuna haja ya hotuba. Mazungumzo mazuri huja mkiwa mnatazama kitu kimoja, mnyama au moto wa jikoni, bila kukabiliana. Ukitaka kuyafungua, anza na habari zako: ulikuwa unaogopa nini ulipokuwa na miaka 10, rafiki yako alikuwa nani. Halafu nyamaza. Akikueleza jambo zito, kama kuonewa shuleni, sikiliza hadi mwisho na umwambie mtalishughulikia mkirudi.

Jioni washeni mshumaa na kata keki malazini, si hifadhini. Simu ya nyumbani ipangwe, tuseme saa 1:30 usiku, kwa dakika 10, bibi na babu wakianza.

Siku ya 3: kurudi

Asubuhi msikimbizane. Muda wa kuondoka uhesabu kutoka kwenye tiketi kurudi nyuma: saa 2 za barabara, saa 1 ya akiba kwa ajili ya malori, saa 1 ya chakula, saa 1 na nusu stesheni. Yaani ondokeni Mikumi saa 5 na nusu kabla ya treni.

Usiongeze kituo kingine siku hii. Wenye usiku mmoja zaidi na mtoto anayependa kutembea wafikirie Milima ya Udzungwa, hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1992, yenye maporomoko ya Sanje ya mita 170. Njia ya kwenda ni ile ya Ifakara, geti la Mang'ula. Huko ni kupanda kwa miguu kwa saa kadhaa, kwa hiyo viatu viwe na soli inayoshika.

Baada ya kufika nyumbani

Ndani ya wiki moja chapisheni picha 8 hadi 10 na mzibandike kwenye daftari la wanyama. Mtoto aandike maelezo chini yake kwa mwandiko wake, hata kama ana makosa ya tahajia.

Kuhusu homa, kuwa macho kwa muda mrefu. Malaria kwa kawaida haijitokezi kabla ya siku 7 tangu kuumwa na mbu, kwa hiyo homa inayoanza siku ya 8, ya 15 au hata ya 30 inahitaji kipimo siku hiyo hiyo. Usimpe dawa ya malaria kwa kukisia, na mweleze mhudumu wa afya kwamba mlikuwa Mikumi na kwamba mliumwa na mbung'o, kama waliwauma.